Ganzi Inayouma: Kwa Nini Maumivu ya Uso Hutibiwa kwa Umeme wa Ubongoni

Desemba 1677, John Locke alikuwa Paris. Leo tunamjua kama mwanafalsafa, lakini alisomea utabibu, na siku hizo aliitwa kumtazama mke wa balozi wa Uingereza aliyekuwa akiteseka na upande wa kulia wa uso wake. Locke aliwaandikia wenzake kueleza alichokishuhudia. Maumivu yalimjia mama yule ghafla kama mwali wa moto uliorushwa shavuni. Kila yalipopiga alipiga ukelele na mdomo wake ukavutwa kuelekea sikioni, kisha yakakatika, akatulia, mpaka yaliporudi tena. Kabla ya Locke kufika, wang'oa meno walikuwa wameshamng'oa meno mawili. Yote mawili yalikuwa mazima.

Karibu miaka 350 imepita na jambo hilohilo linaendelea kutokea. Mtu anasikia kitu kinamchoma kwenye gego, anakwenda kwa daktari wa meno, gego linang'olewa. Wiki haijaisha maumivu yamehamia jino la jirani, nalo linang'olewa. Sioni wa kulaumiwa hapo, kwa sababu maumivu yenyewe hudanganya. Ukimwuliza mgonjwa panapouma, ataonyesha jino kwa kidole. Shida inayotuma taarifa hiyo iko nyuma sana, ndani ya fuvu.

Lugha yetu nayo inatutatiza kidogo hapa. Kiswahili cha kila siku kina neno moja, mshipa, kwa bomba la damu, kwa uzi wa hisia, kwa kano, na hata kwa ngiri. Mtu akiambiwa "una tatizo la mshipa wa uso" anaweza kuelewa lolote kati ya hayo. Na katika ugonjwa huu, mara nyingi mshipa mmoja ndio unaougandamiza mwingine! Kwa hiyo humu nitasema ateri ninapokusudia bomba la damu, na neva ninapokusudia uzi wa hisia.

Kuna jozi 12 za neva zinazotoka moja kwa moja kwenye ubongo bila kupitia uti wa mgongo. Jozi ya tano, ambayo madaktari huiita trijemina, ndiyo inayobeba hisia za uso. Ina matawi matatu kila upande: la juu linahudumia paji na jicho, la kati linahudumia shavu, pua na meno ya juu, na la chini linahudumia taya, meno ya chini na sehemu kubwa ya ulimi. Neva hii ikiumia, uso unauma. Ila inaweza kuumia kwa namna mbili zilizo mbali kabisa, na asiyezitofautisha hawezi kuelewa kwa nini mtu yeyote afikirie kupeleka umeme kwenye ubongo.

Namna ya kwanza ndiyo ya yule mama wa Paris. Ateri iliyolegea huegemea neva pale inapochomoza kutoka shina la ubongo. Kila pigo la moyo linaisugua, miaka na miaka, mpaka ala ya mafuta inayoifunika neva inachakaa. Kinachofuata ni kama waya zilizochubuka ganda zikagusana: ujumbe wa mguso mwepesi unaruka na kuingia kwenye nyuzi za maumivu. Ndiyo maana upepo wa dirisha la daladala, mswaki, tonge la kwanza la ugali au maji ya udhu yanaweza kumpiga mtu shoti. Inadumu sekunde chache, mara nyingine hadi dakika mbili, kisha inakatika. Katikati ya shoti na shoti, uso uko sawa na hisia zake ni timamu. Ugonjwa huu huwapata zaidi wanawake, na zaidi waliovuka miaka 50.

Namna hii ina dawa. Mwaka 1962 daktari wa Sweden aitwaye Blom alitangaza kwamba karbamazepini, dawa ya kifafa, inazima shoti hizi, na mpaka leo ndiyo dawa ya kwanza kujaribiwa. Wengi huanza kupata nafuu ndani ya siku chache, kiasi kwamba madaktari huichukulia nafuu hiyo kama sehemu ya ushahidi wa ugonjwa wenyewe. Ina masharti yake, na moja linatuhusu sana huku kwetu: karbamazepini hulifanya ini liziondoe haraka mwilini dawa nyingine nyingi, zikiwemo dolutegraviri inayotumiwa na watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na vidonge vya uzazi wa mpango. Anayetumia dawa hizo amwambie daktari kabla ya kumeza kidonge cha kwanza.

Dawa ikishindwa, kuna upasuaji ambao Mmarekani Peter Jannetta aliueneza tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Tundu dogo hufunguliwa nyuma ya sikio, na kwa hadubini daktari huitafuta ile ateri, huiondoa juu ya neva, kisha huweka kipande kidogo cha Teflon kati yao. Neva haikatwi. Kuna pia njia zinazoijeruhi neva kwa makusudi: sindano ya joto inayopitishwa shavuni, puto dogo linaloibana, gliserini, au mionzi iliyolengwa. Hizi nazo huwasaidia wengi, hasa wazee wasioweza kuvumilia upasuaji mkubwa, lakini mgonjwa huzilipia kwa ganzi kidogo usoni. Na ganzi hiyo ndiyo inayotufikisha kwenye namna ya pili.

Namna ya pili haiji kwa shoti. Iko hapo mchana na usiku. Wagonjwa husema uso unawaka, unachonyota kama kidonda kilichotiwa chumvi, unawanga, au kuna siafu wanaotembea chini ya ngozi. Daktari akipitisha pamba shavuni, ama mgonjwa hahisi kitu, ama anaruka kwa uchungu kana kwamba amepitishiwa msasa. Hapa neva haikuguswa tu na ateri, imeharibika. Inaweza kuwa ilijeruhiwa jino likitolewa au kipandikizi cha jino kikiwekwa, au taya ilivunjika kwenye ajali ya bodaboda, au mkanda wa jeshi ulipita usoni ukaacha maumivu baada ya malengelenge kukauka. Na kuna waliofika hapa kwa njia ya matibabu yenyewe: walianza na shoti za namna ya kwanza, neva ikachomwa mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka shoti zikaisha na uso ukafa ganzi. Kisha ndani ya ganzi ileile yakazuka maumivu mapya.

Madaktari wana jina la Kilatini la hali hiyo. Mimi nitaiita ganzi inayouma, kwa sababu maneno hayo mawili hayakai pamoja kirahisi, na mgonjwa anaishi katikati yao. Unaweza kumdunga sindano shavuni asiihisi, na shavu hilohilo linamnyima usingizi.

Hilo linawezekanaje? Fikiria spika za mkutano wa hadhara. Waya wa maikrofoni ukikatika, spika hazinyamazi, zinavuma. Na fundi akiongeza sauti ili asikie maneno yaliyopotea, uwanja mzima hujaa mvumo. Ubongo hufanya vivyo hivyo. Seli zilizozoea kupokea taarifa za shavu, zikinyimwa taarifa hizo, huongeza usikivu wake na kuanza kurusha ujumbe zenyewe. Hali hii hutokea kwenye shina la ubongo, na pia kwenye thalamasi, kituo cha katikati ya ubongo ambako karibu hisia zote za mwili hupita zikielekea juu. Ubongo unaupokea mvumo huo na kuusoma kwa lugha pekee inayoijua ya eneo hilo: shavu linaungua.

Kwa hiyo kumchoma tena mtu huyu neva ni kumkatia waya wa pili wakati mvumo ulitokana na kukatika kwa wa kwanza. Ningetamani kila anayeshauriwa kurudia utaratibu wa kuchoma neva, ilhali uso wake tayari una ganzi na unawaka, aielewe sentensi hiyo kabla ya kusaini fomu. Karbamazepini nayo hapa mara nyingi haifui dafu. Hutumika zaidi amitriptilini, gabapentini au pregabalini, na wapo wanaopata nafuu ya kutosha kuendelea na maisha. Wengine hupanda dozi mpaka wanatembea wakisinzia, na uso haujapoa.

Hao ndio ambao umeme ulitafutwa kwa ajili yao. Mwaka 1973 huko Marekani, Yoshio Hosobuchi na wenzake walieleza matokeo ya wagonjwa watano wenye ganzi inayouma ya uso, ambao waliwekewa elektrodi, yaani ncha ya metali inayopitisha umeme, ndani kabisa ya ubongo, kwenye thalamasi. Wazo lao lilikuwa la moja kwa moja: kama kituo kimekosa taarifa kutoka shavuni, kipewe taarifa ya kutengenezwa. Matumaini yalikuwa makubwa. Lakini baadaye majaribio mawili makubwa ya kusisimua vilindi vya ubongo kwa ajili ya maumivu sugu hayakutoa matokeo yaliyotarajiwa, na mtengenezaji wa vifaa hakuendelea kuomba kibali cha matumizi hayo nchini Marekani.

Mlango mwingine ulifunguliwa Tokyo. Takashi Tsubokawa na timu yake ya Chuo Kikuu cha Nihon walikuwa wakihangaika na maumivu yanayofuata kiharusi. Kwa paka ambao njia zao za maumivu zilikuwa zimekatwa, waliona seli za thalamasi zikirusha ujumbe ovyo. Wakajaribu kutuliza seli hizo kwa kusisimua gamba la ubongo, yaani tabaka la juu kabisa. Yeyote angedhani sehemu ya kusisimua ni eneo la hisia. Haikuwa hivyo. Kilichozituliza ni eneo la mbele yake, linalotawala mwendo wa misuli. Mwaka 1991 walichapisha matokeo yao kwa wagonjwa. Miaka miwili baadaye, Björn Meyerson na wenzake huko Stockholm walijaribu njia hiyo kwa watu wenye maumivu ya aina mbalimbali, na walionufaika zaidi walikuwa wale wenye neva ya uso iliyoharibika.

Hapa ndipo wengi hukwama, nami nilikwama kwa muda mrefu: maumivu ni hisia, sasa misuli inaingiaje? Jibu ni kwamba eneo la mwendo halikukaa peke yake. Lina nyuzi nyingi zinazoshuka hadi thalamasi na kuendelea hadi maeneo ya kina yanayoamua maumivu yapite au yazuiwe. Watafiti wa Lyon, akiwemo Luis Garcia-Larrea, waliwapiga wagonjwa picha za mtiririko wa damu ubongoni huku kifaa cha kusisimua eneo hilo kikiwa kimewashwa. Eneo la mwendo lenyewe halikuwa ndilo lililobadilika sana. Iliyoamka ni thalamasi pamoja na maeneo ya kina yanayohusika na uchungu wa maumivu, yaani ule upande wake unaomfanya mtu ateseke. Pia kuna ushahidi kwamba ubongo humwaga opioidi zake wenyewe, ndugu za mofini. Mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba mtu akipewa kwanza naloksoni, dawa inayozuia opioidi, sehemu ya nafuu hiyo hutoweka. Basi umeme hauyafuniki maumivu kwa kelele nyingine. Unabisha hodi kwenye mlango ambao nyuma yake ubongo una njia zake za kujituliza.

Uso nao una bahati ya mahali. Kwenye ramani ya eneo la mwendo, mguu umejificha kwenye ufa wa katikati ya ubongo, mahali pagumu kufikika. Uso umetandazwa upande, kwa nje ya ubongo, tena kwa nafasi kubwa kuliko ukubwa wake mwilini. Elektrodi bapa inaweza kulazwa juu yake bila kuugusa ubongo wenyewe.

Siku hizi huanziwa kwa njia isiyofungua fuvu. Mwaka 1985, Anthony Barker na wenzake wa Sheffield walionyesha kwamba koili ya waya ikishikwa juu ya kichwa na kupitishiwa mkondo mkali wa ghafla, sumaku yake hupenya fuvu na kuzalisha umeme mdogo kwenye gamba la ubongo. Kwa maumivu, koili yenye umbo la nane huwekwa upande wa kichwa ulio kinyume na upande unaouma, kwa sababu upande wa kushoto wa ubongo ndio unaotawala upande wa kulia wa mwili. Hupiga kwa kawaida mara 10 kwa sekunde, kwa vipindi, ikitoa mapigo 1,500 hadi 3,000 kwa kikao kimoja. Mgonjwa hukaa kitini akiwa macho. Husikia mlio wa ta-ta-ta na mguso kama wa kugongwagongwa kichwani.

Kikao kimoja hakitoshi. Nafuu hujengeka kwa vikao vya mfululizo, kisha hulindwa kwa vikao vya nafasi, kwanza kila wiki, baadaye kila wiki kadhaa. Jopo la wataalamu wa Ulaya liliupa mpangilio huu, mapigo ya kasi juu ya eneo la mwendo kwa maumivu ya neva, daraja la juu kabisa la ushahidi mwaka 2014, na likarudia uamuzi huo mwaka 2020. Jaribio lililochapishwa mwaka 2021 kwa wagonjwa wapatao 150 lililinganisha eneo la mwendo, eneo la mbele zaidi ya ubongo, na sumaku ya kuigiza. Eneo la mwendo lilishinda. Lile la mbele halikufanya vizuri kuliko sumaku ya kuigiza. Matokeo hayo yananituliza, kwa sababu yanaonyesha mahali panapoguswa pana maana, na kwamba nafuu si matunda ya matumaini ya mgonjwa tu. Mtu mwenye chuma ndani ya kichwa, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, au historia ya kifafa, anaweza kukataliwa, na ni kwa usalama wake.

Anayenufaika na sumaku lakini hawezi kurudi kliniki maisha yake yote ndiye anayefaa zaidi kwa upasuaji. Asiyenufaika hafungiwi mlango moja kwa moja, ila nafasi yake ni ndogo. Daktari bingwa hufungua dirisha dogo kwenye fuvu na kulaza elektrodi bapa juu ya utando mgumu unaofunika ubongo. Hapo wanautafuta mpaka kati ya eneo la hisia na la mwendo: neva ya mkono husisimuliwa, na mawimbi yanayofika ubongoni husomwa. Ukivuka mpaka, wimbi hugeuka juu chini. Kisha wanaongeza umeme mpaka kona ya mdomo inatikisika kidogo. Wakishapapata mahali, waya hupitishwa chini ya ngozi nyuma ya sikio na shingoni hadi kwenye betri iliyozikwa chini ya mtulinga.

Umeme utakaobaki umewashwa nyumbani hupunguzwa chini ya kile kiwango kilichotikisa mdomo. Kwa hiyo mgonjwa hahisi chochote, wala msisimko wala joto. Hiyo ni tofauti kubwa na vifaa vya umeme vya aina ya zamani vinavyowekwa kwenye uti wa mgongo, ambavyo mgonjwa huhisi mtetemo. Pia inarahisisha upimaji wa kweli: kifaa kinaweza kuzimwa bila mgonjwa kujua, akaulizwa hali yake.

Na majibu ya upimaji huo yamechanganyika. Mapitio ya mwaka 2009 yalipata nafuu nzuri kwa takriban theluthi mbili ya wagonjwa wa neva ya uso, na karibu nusu kwa wenye maumivu ya asili ya ubongo, na nafuu nzuri hapo ilimaanisha maumivu kupungua kwa asilimia 40 hadi 50. Haikumaanisha kupona. Wagonjwa wa uso katika mapitio yale walikuwa 44 tu, waliokusanywa kutoka tafiti nyingi ndogo. Jaribio la Kanada lililochapishwa mwaka 2015, lililohusisha maumivu ya neva ya aina mbalimbali, lilisimamishwa mapema kwa kukosa ufanisi. Madhara yapo: degedege, hasa wakati daktari anatafuta kiwango kinachofaa, maambukizi kwenye kidonda au betri, waya kukatika, na mara chache damu kuvuja chini ya fuvu. Marekani haijaidhinisha rasmi kifaa hiki kwa maumivu. Anayekutana na tangazo linaloahidi kuyafuta maumivu ya uso kwa umeme ana haki ya kuuliza ni aina gani ya maumivu, na ni kwa wagonjwa wangapi.

Kwa upande wangu, naiheshimu njia hii kwa yule aliyepitia dawa zote na ambaye uchunguzi umethibitisha neva yake imeharibika. Kwa mwenye shoti za namna ya kwanza ambaye hajawahi kupewa karbamazepini kwa dozi inayotosha, wala kupimwa MRI kuona kama kuna ateri inayogusa neva, kumzungumzia elektrodi ni kumrusha ngazi kumi. Vivyo hivyo kwa yule ambaye bado yuko kwenye kiti cha daktari wa meno akijiandaa kung'olewa gego la tatu.

Wanaokwisha kuwekewa kifaa hueleza jambo moja ambalo madaktari wamelishuhudia pia. Kikizimwa, maumivu hayarudi papo hapo. Hukawia kwa saa, wakati mwingine kwa siku, kama joto la jiko la mkaa lililokwisha kuzimwa. Na kwa kuwa umeme hauhisiki, betri ikiisha hakuna kinachomjulisha mgonjwa. Anaamka asubuhi, ananawa uso, na kuwaka kule kwa zamani kumerudi shavuni. Anapiga simu kliniki, betri inapimwa, inakutwa imekwisha.